Rupia nyeusi si rupia mbovu: Kinachobadili rangi ya sarafu za fedha hata zikiwa kifukoni

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayenunua sarafu za zamani huko Nambis, wilayani Mbulu. Mzee mmoja anamletea rupia ya Mjerumani iliyorithiwa tangu enzi za babu. Imekuwa nyeusi. Mnunuzi anasita, akidhani ni bandia. Mzee naye, kwa kuona kusita huko, anarudi nyumbani, anaisugua kwa majivu mpaka ing'ae, kisha anaileta tena akitarajia bei nzuri.

Hapo wote wawili wamekula hasara. Ule weusi haukuwa ugonjwa wa sarafu, na ule mng'aro umeipunguzia thamani moja kwa moja.

Kwanza, bidhaa yenyewe

Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyotolewa kati ya 1890 na 1914 ikiwa na sura ya Mfalme Wilhelm II, ina uzito wa gramu 11.66, na asilimia 91.7 ya uzito huo ni fedha. Yaani kila rupia ina takriban gramu 10.7 za fedha halisi, zaidi kidogo ya theluthi moja ya wakia ya gramu 31.1 inayotumika kutangaza bei katika masoko ya dunia. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ina fedha asilimia 25 tu, na iliyobaki karibu yote ni shaba. Ndiyo maana shilingi hiyo huwa na rangi ya kahawia iliyofifia.

Hesabu hiyo humpa mnunuzi bei ya chini kabisa, yaani thamani ya madini. Faida ya mkusanyaji iko juu ya hapo, nayo hutegemea hali ya uso wa sarafu.

Rangi inatoka wapi?

Fedha haishiki kutu kama chuma. Adui yake ni salfa. Gesi yenye salfa, ile inayonuka kama yai viza, ikigusa fedha hutengeneza utando mwembamba sana juu yake. Moshi wa kuni, samadi, sufu na mpira vyote vyaweza kutoa salfa. Sarafu iliyokaa miaka mingi katika nyumba yenye jiko la kuni na zizi karibu haina budi kubadilika. Unyevu na joto huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo sarafu ya Tanga au Unguja hukabiliwa na hatari hiyo hata pasipo moshi.

Utando huo unapoanza huonekana wa njano hafifu. Ukizidi unene huwa wa dhahabu, kisha mwekundu wa zambarau, kisha buluu, na mwisho mweusi. Hakuna rangi iliyopakwa. Ni mwanga unaocheza ndani ya utando, kama tuonavyo rangi za mafuta yaliyomwagika juu ya maji.

Mbona niliiweka kwenye kifuko?

Hili ndilo linalowashangaza wengi. Kifuko hupunguza kasi tu, na kifuko kibaya huongeza tatizo. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni hewa. Hata makasha magumu ya kampuni za Marekani zinazopima na kufungia sarafu, kama PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987, hayazuii hewa kabisa. Gesi hupenya polepole, na mara nyingi rangi huanzia ukingoni.

Ya pili ni kifuko chenyewe. Karatasi na kadibodi za kawaida zaweza kuwa na salfa. Plastiki laini ya PVC, ile inayonuka kama koti jipya la mvua, huchakaa na kuacha ute wa kijani unaonata. Ute huo si rangi ya kawaida. Hula sarafu, na usipoondolewa mapema hasara haitibiki.

Ya tatu ni kilichofungiwa ndani pamoja na sarafu: jasho la vidole, unyevu au mabaki ya dawa ya kusafishia.

Nini kifanyike

Usisugue. Majivu, mchanga, dawa ya meno na dawa za kung'arishia shaba huacha mikwaruzo ambayo mkusanyaji huiona mara moja, na baada ya hapo sarafu husogea kuelekea bei ya madini tu. Dawa za kuchovya nazo huondoa utando pamoja na fedha kidogo kila mara.

Ute wa kijani huondolewa kwa asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha. Fanya hivyo mbali na moto.

Shika sarafu kwa ukingo. Ihifadhi katika kifuko cha polyesta au kasha gumu lisilo na PVC, mahali pakavu, mbali na jiko. Mpira wa kufungia noti usiuweke karibu, kwani mpira hukomazwa kwa salfa. Pakiti za silika jeli husaidia dhidi ya unyevu, mradi ziwe kavu.

Kwa mnunuzi: rangi zinazopita taratibu kutoka njano hadi buluu mara nyingi ni za asili, na wako wakusanyaji wanaozilipia zaidi. Rangi kali zisizofuata mpangilio huo zitie shaka, maana wapo wanaozitengeneza kwa moto na kemikali.

Na kwa mzee wetu wa Nambis: ilete rupia ikiwa nyeusi vilevile. Mnunuzi anayeijua kazi yake ataweka mzani mezani kabla ya kuuliza kwa nini haing'ai.