Fahamu: Maigizo na swali la nani ni mwenyeji Katanga
Luena, mji wa makaa ya mawe ulio kando ya reli, ulikua kwa nguvu za wafanyakazi wahamiaji kama miji mingine ya migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), ambako Wakasai wengi, yaani watu wenye asili ya Kasai, wakiwamo waliozaliwa humo, walifukuzwa mwaka 1992 na 1993 wakiitwa wageni. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichunguza mwaka 1986, lilionyesha njia nyingine ya kujitambulisha: liliigiza papo kwa papo, yaani waigizaji walikubaliana kisa kisha wakatunga maneno jukwaani, kwa Kiswahili cha Katanga, lugha iliyokua miongoni mwa wahamiaji wenyewe, ambayo mtu huifanya yake kwa kuizungumza, si kwa asili ya wazazi wake.