MILIMA YA MOTO KATIKA MIRIHI

Wandugu wanafunzi, huku Kinsevere tuko na vichuguu vikubwa, lakini mlima wa moto hatuna. Watu wa Goma ndio wanaujua: Nyiragongo ilitapika moto mwaka 1977, 2002 na 2021.

Basi, sayari Mirihi nayo iko na milima ya namna ile. Mwezi wa 11, 1971, chombo Mariner 9 cha Marekani kilifika kule na kuanza kuizunguka. Lakini vumbi ilifunika sayari yote. Katika picha hapakuonekana kitu, ila madoa 4 meusi. Wakangojea. Vumbi iliposhuka, kumbe, yale madoa ni vichwa vya milima ya moto, kila kimoja na shimo lake!

Ule mkubwa kupita yote, Olympus Mons, unapita kilometa 20 kwa urefu. Nyiragongo haifikishe 4. Sababu gani? Kwetu ngozi ya dunia inatembea polepole, na moto unabadilisha mahali pa kutokea. Kule haitembei: uji wa moto ulitoka mahali pamoja mamilioni ya miaka, ukapandana. Tena kule vitu ni vyepesi, mlima unaweza kupanda sana.

Basi, somo likikuwa giza, tusikimbie. Tungojee vumbi ishuke, na tuangalie tena.