Ngoma iliyopigwa marufuku sasa yafundishwa watoto darasani

KWA wiki nzima nilikuwa nikikata manyoya ya karatasi za rangi. Nilikusudia wanafunzi wa darasa la tatu ninaosaidia kuwafundisha hapa Minnesota, Marekani, wayavae vichwani siku ya somo kuhusu powwow, tamasha la ngoma la wenyeji asilia wa nchi hii.

Siku mbili kabla ya somo, bibi mmoja wa jamii ya Ojibwe, ambaye mjukuu wake yumo darasani humo, alikuja kunipa ushauri. Alipoyaona manyoya yale mezani alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, kwenu watoto huchezea nishani za wazee waliotoka vitani?"

Akanieleza kwamba unyoya wa tai hutunukiwa mtu kwa heshima. Ukianguka uwanjani, ngoma husimama, na kwa kawaida wanajeshi wa zamani ndio huuinua kwa taratibu zake. Niliyakusanya manyoya yangu yote nikayatia kwenye pipa la taka.

Sisi tuliosoma Kenya tuliwajua watu hawa kwa jina la Wahindi Wekundu, tena kupitia filamu za risasi na farasi. Kumbe wao hujitambulisha kwa mataifa yao: Ojibwe, Dakota, Navajo, Cherokee na mengine mengi. Serikali kuu ya Marekani inatambua zaidi ya 570.

Siku ya somo, bibi alikuja na gauni lililoshonewa vipande vya bati vilivyokunjwa kama pembe ndogo. Alipopiga hatua moja tu, darasa zima lilinyamaza. Mlio wake ulinikumbusha njuga za kwetu.

"Hili si vazi la maigizo," aliwaonya watoto. Kisha akawasimulia kwamba wakati wa homa kali iliyoua mamilioni ya watu duniani tangu mwaka wa 1918, mzee mmoja wa Ojibwe aliyekuwa akiuguza binti aliota gauni hilo na ngoma yake. Likashonwa, likachezwa, na msichana akapata nafuu. Vipande vya kwanza vilitokana na vifuniko vya mikebe ya tumbaku. Hadi leo ngoma hiyo huchezwa kuwaombea wagonjwa.

Msichana mmoja akauliza kwa nini hajawahi kuiona. Hapo ndipo bibi alipofikia sehemu ngumu. Mwaka wa 1883 serikali ilitoa kanuni za kuwaadhibu wenyeji waliocheza ngoma zao za ibada. Walinyimwa posho ya chakula au kufungwa. Watoto walipelekwa shule za bweni, wakanyolewa nywele, na waliozungumza lugha ya mama waliadhibiwa. Sheria ya kulinda uhuru wao wa kuabudu ilipitishwa mwaka wa 1978 pekee.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa, na nilihisi shingo ikiniwasha. Shuleni kwetu, aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akakivaa hadi amnase mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Mpaka leo, kwa simu na mama yangu, nachanganya maneno.

Baada ya hapo, wajomba wa yule mvulana waliizunguka ngoma moja kubwa, wakaipiga kwa pamoja huku wakiimba. Bibi aliwafundisha watoto hatua rahisi ya mchezo ambao hata wageni hualikwa kuingia: gusa chini kwa ncha ya mguu, kisha kanyaga, ukifuata mdundo.

Mjukuu wake, ambaye mwaka mzima hakuwa amemwambia mwenzake yeyote kwamba yeye hucheza, alisita mlangoni. Bibi hakumwita. Mdundo ulipozidi aliingia mwenyewe, akatangulia mbele, na wenzake wakamfuata wakizunguka madawati.

"Mbona hukutuambia?" rafiki yake alimuuliza. Alijibu kwamba aliogopa kuchekwa.

Jioni hiyo nilimwita binti yangu sebuleni. Nikamwimbia wimbo alionifundisha nyanya yangu kijijini, kwa lugha ile ile niliyovishwa kibao kwa ajili yake. Beti mbili nimezisahau. Kesho nitampigia mama simu anikumbushe.