Leso: Vazi lililozaliwa kwa kuunga vipande

KUSHONA nguo mpya kwa vitambaa vilivyokwisha kutumika kwaitwa ubunifu wa kisasa katika miji ya Ulaya. Mtaa wa Biashara, kisiwani Mombasa, wauza vazi ambalo asili yake ni kuunga vipande.

Jina lenyewe lashuhudia. Leso latokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua vitambaa sita vikiwa bado havijatenganishwa, wakavikata vitatu vitatu, kisha wakaziunga pande hizo mbili zikawa vazi moja. Wenye maduka walipoona hivyo, waliagiza nguo iliyochapwa kwa kipimo hicho. Biashara ilimfuata mshonaji, wala si kinyume chake.

Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na ambaye leso zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa sana kuwa aliyeanzisha uchapaji wa jina, yaani usemi ulio chini ya mji.

Katika nyumba za Mji wa Kale leso haitupwi ikichakaa. Huanza kuvaliwa nje, ikapauka ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikakatwa nepi za mtoto, ikasokotwa kata ya kubebea mzigo, na mwisho ikawa tambara la kupigia deki. Pamba ndiyo inayowezesha safari hiyo, kwani hulainika kadiri ifuliwavyo na hunyonya maji.

Leso za poliesta, ambazo ni rahisi, huukata mnyororo huo mapema: hazinyonyi maji, hivyo hazifai nepi wala deki.

Tatizo hilo limo pia katika mitumba ya Kongowea. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha kufikia 2019. Kenya ikajitoa mwaka 2017, Marekani ilipotishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru kupitia AGOA. Mjadala ule ulihusu viwanda na ajira, na haukugusia sana nguo hizo zimefumwa kwa nini.

Mnunuzi mwenye shaka huchomoa uzi pindoni akauchoma. Pamba huwa jivu. Poliesta huyeyuka ikaganda.