Methali ya Ung'ongo na Nyoka Asiye na Sumu

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanafunzi wa Kayole au Buruburu huikariri methali hii tangu shule ya msingi, ingawa huenda hajawahi kuutia ung'ongo machoni. Aghalabu hufunzwa kuwa inahusu tahadhari ya mtu aliyewahi kudhurika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali hiyo hiyo inaeleza jinsi nyoka wasio na sumu wanavyopata kufanana na wenye sumu, na kwamba suala hili linawagusa wakazi wa mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi.

Mfano wa karibu ni nyoka mla mayai, ajulikanaye kitaalamu kama Dasypeltis scabra, apatikanaye katika sehemu nyingi za Kenya. Nyoka huyu hana sumu, na meno yake ni haba na madogo mno hata hawezi kumdhuru mtu. Chakula chake ni mayai ya ndege. Huyameza mazima, huyavunja kwa miiba ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni, kisha huyatema maganda. Hata hivyo, mabaka ya mgongoni mwake na alama ya mshale iliyo shingoni humfananisha na Causus rhombeatus, nyoka mfupi mwenye sumu wa ukoo wa bafe. Akitishwa, hujikunja, husugua magamba ya ubavuni yakatoa mkwaruzo, na hupanua kinywa cheusi akijirusha kana kwamba atauma. Mkwaruzo kama huo hutolewa na Echis pyramidum, nyoka hatari wa maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1961, Carl Gans alieleza kwamba rangi na mabaka ya nyoka hawa wala mayai hubadilika eneo hadi eneo, aghalabu kwa kuwafuata nyoka wenye sumu waishio hapo.

Je, nyoka asiye na kioo alijuaje kujifananisha na mwingine? Hapa lugha yaweza kupotosha. Kitenzi 'kuiga' hudai mtendaji mwenye nia, ilhali nyoka hana nia hiyo. Ieleweke kwamba nyoka wa uzao mmoja hawafanani kabisa: mmoja huzaliwa na mabaka yaliyokolea, mwingine yaliyofifia. Mwewe au nguchiro amwonapo yule aliyekolea, husita kidogo, na kusita huko humpa nyoka nafasi ya kuponyoka. Aliyeponyoka hutaga mayai, na watoto wake hurithi mabaka yake. Jambo hili likijirudia kwa maelfu ya vizazi, mfanano hukamilika bila yeyote kuukusudia. Kwa hakika, aliyemchora nyoka mla mayai ni jicho la adui yake. Henry Walter Bates ndiye aliyelifafanua jambo hili mwaka 1862, baada ya kuwachunguza vipepeo wa bonde la mto Amazon.

Uigaji huu una sharti lake: mwenye sumu hana budi kuwa jirani. Mwaka 2001, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa nyoka bandia wenye rangi za nyoka wa matumbawe. Mahali alipoishi nyoka halisi mwenye sumu, nyoka hao bandia hawakushambuliwa sana. Mahali asipokuwapo, walishambuliwa zaidi. Pasipo wa kuogopwa, vazi la kutisha halitishi.

Hata hivyo, methali yetu inahitaji nyongeza. Mwaka 1975, Susan Smith alieleza jinsi alivyowalea kwa mkono makinda ya ndege fulani wa Costa Rica, ambao hawakuwahi kumwona nyoka. Alipowaonyesha vijiti vilivyopakwa pete za rangi nyekundu na manjano, walivikimbia. Vijiti hivyo vilikuwa ung'ongo mtupu, nao ndege hawakuwa wameumwa. Sababu ni kwamba sumu ikiwa kali mno, aliyeumwa harudi kujifunza. Woga huo hurithiwa kutoka kwa wale ambao hawakuthubutu kukaribia.

Mintarafu ya Eastlands, makao mapya yanazidi kusogea kuelekea nyika ya Athi, katika maeneo kama Utawala, Njiru na Ruai. Panapofyekwa nyasi na kupinduliwa mawe ya ujenzi, nyoka huonekana. Methali husema mtu hushtuka, lakini haisemi afanyalo baada ya hapo. Mwewe akishtuka huruka, na nyoka mla mayai akapona. Binadamu akishtuka huokota jiwe. Hivyo ngozi iliyomwokoa nyoka huyu kwa mwewe ndiyo inayomwangamiza mikononi mwa watu.

Aidha, kosa la pili ni baya zaidi: kumdhania mwenye sumu kuwa mla mayai. Shirika la Afya Duniani, lililoorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, hukadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Asiye mtaalamu asijaribu kuwabainisha kwa macho. Na ajitenge, awaondoe watoto, na kuwaita Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe jeraha wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe na kukimbizwa hospitalini. Jiwe jeusi la nyoka halitoi sumu.

Wapenzi wa Kiswahili nao wana wajibu. Lugha hii ina bafe, swila, koboko, ukukwi na chatu, ilhali mitaani wote wamekuwa 'nyoka' tu. Jina halimfanyi mtu kuwa mtaalamu, lakini humfunza kuwa nyoka si mmoja. Mwalimu afundishaye methali ya ung'ongo angefanya vyema kuwataja kwa majina yao, na kuwakumbusha wanafunzi kwamba yupo asiyekuwa na sumu, anayeponea woga wa adui zake.