Gari kuukuu Tinde: mlio upi ni wa kupunguza bei, upi ni wa kuliacha gari

TINDE, Shinyanga – Mwenye mtaji mdogo anayetafuta gari la abiria au la mizigo katika njia panda ya Tinde hununua vitu viwili kwa pamoja: bodi, ambayo anaiona, na injini, ambayo anaisikia tu. Bodi ikipigwa rangi upya, bei hupanda. Injini ikitoa mlio usioeleweka, bei inapaswa kushuka, lakini ishuke kwa kiasi gani ni jambo ambalo wanunuzi wengi humwachia muuzaji aamue. Hapo ndipo mtaji unapopotea.

Mahitaji ya magari katika eneo hili hayana msimu mrefu wa kulala. Barabara inayotoka Nzega huachana Tinde, mkono mmoja ukielekea Shinyanga na Mwanza, mwingine Isaka, Kahama na hatimaye Rusumo mpakani mwa Rwanda. Mpunga, pamba, mifugo na watu wa machimbo ya Kahama na Geita wote hupita humo. Hiace au Noah ikisimama gereji siku moja, hesabu ya siku hiyo imekufa.

Umri wa magari nao una sababu yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania imechagua njia ya kodi: gari kuukuu huingia, ila hutozwa ushuru wa ziada. Ushuru huo hulipwa mara moja bandarini. Baada ya hapo uchakavu ni mzigo wa mnunuzi wa pili, wa tatu na wa nne.

INJINI IWE BARIDI

Jambo la kwanza ni kusikiliza injini ikiwa baridi. Mnunuzi akifika na kukuta boneti lina joto, ana haki ya kuuliza kwa nini. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga kwa sauti ya wazi, kama kopo tupu, dakika za mwanzo. Ikipata moto hutanuka na sauti hufifia. Muuzaji mjuzi huwasha gari mapema ili sehemu hiyo ya mazungumzo ipite kabla mteja hajafika.

Funguo ikifunguliwa kabla ya kuwasha, taa nyekundu ya oili lazima iwake, na injini ikishaunguruma izimike ndani ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa si dalili ya uzima. Huenda globu imetolewa makusudi.

Dizeli, kwa kawaida yake, hugonga zaidi ikiwa baridi, kwa kuwa mafuta huchelewa kidogo kushika moto kisha huwaka kwa mkupuo. Mlio wa namna hiyo ukipungua kadiri injini inavyopata moto si sababu ya kuvunja biashara.

JUU AU CHINI

Mafundi hutenganisha mlio wa juu na mlio wa chini, na tofauti hiyo ndiyo yenye fedha. Kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka mara moja wakati krenkshafti imezunguka mara mbili. Kwa hiyo mlio wa valvu ni mwepesi na wa taratibu zaidi, tik-tik-tik kutoka juu ya injini. Mara nyingi ni tapeti zinazohitaji kusetiwa au oili iliyopungua. Mlio huo ni wa kupunguza bei.

Ekzosi inayovuja kwenye manifodi huiga sauti hiyo hiyo na kuwadanganya hata wazoefu. Alama yake ni masizi meusi mahali hewa inapotokea, na sauti huongezeka gari likibeba mzigo.

Mlio wa chini ni mzito: ko-ko-ko, unaokwenda na mwendo wa krenkshafti yenyewe. Hii ndiyo injini "iliyonoki". Beringi ya konrodi imelika, nafasi imekuwa kubwa, na kila pistoni inaposukumwa chuma hugonga chuma. Tofauti na pistoni iliyolegea, mlio huu hukua injini ikipata moto, kwa sababu oili huwa nyepesi na haiwezi tena kuziba nafasi hiyo. Husikika vizuri dereva anapokanyaga mafuta kisha kuachia ghafla.

Kuna jaribio la gharama ndogo. Injini ikiwa inaunguruma, fundi huondoa umeme kwenye plagi moja baada ya nyingine. Kwa dizeli za zamani kama 2L, 3L na 5L za Hiace, au 1HZ ya Land Cruiser, hulegeza paipu ya nozo moja moja. Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, ubovu uko hapo. Jaribio hilo la paipu lisifanywe kamwe kwenye dizeli za pampu za kisasa, mfano D-4D. Presha ya mafuta humo hupita baa 1,000 na mruko wake hupenya ngozi.

Anayetaka uhakika zaidi huomba oili imwagwe. Chembe zinazometa ndani yake ni beringi inayosagika. Katika ukanda huu wa dhahabu huo ni mng'aro pekee usio na mteja. Na oili ikiwa nzito kupita kawaida, nzito kama asali, aulize imewekwa lini: oili nzito huficha kugonga kwa siku kadhaa.

HESABU YENYEWE

Chukua mfano wa Hiace inayotajwa Sh. 18,000,000, tarakimu ni za kuonyesha njia tu. Injini imenoki. Kuchonga krenkshafti, beringi za saizi inayofuata, ringi, gasketi na ufundi vikifika Sh. 4,000,000, na gari likikaa wiki tatu bila hesabu ya Sh. 50,000 kwa siku 18 za kazi, hasara ni Sh. 4,900,000. Bei ya juu kabisa ni Sh. 13,100,000, na hata hiyo ni bei ya mtu jasiri, maana injini haijafunguliwa. Krenkshafti ikiwa imeshachongwa hadi saizi ya mwisho haichongwi tena. Muuzaji anayepunguza Sh. 500,000 "ya fundi" kwa gari la namna hiyo hajapunguza kitu.

Milio mingine hutisha bure. Mlio mkali wa kufoka asubuhi unaokoma fenbelti ikinyunyiziwa maji ni belti. Mngurumo unaotoweka belti ikitolewa na injini kuwashwa kwa sekunde chache ni beringi ya alteneta au wota pampu. Vyote hivyo ni matengenezo ya siku moja, na mnunuzi aliyevitambua hubaki na nafasi nzuri ya kuvuta bei chini bila kuogopa gari. Injini ya petroli inayolia kama changarawe ikipanda mlima na mzigo ni jambo la kuangalia zaidi: taiming, kaboni au petroli yenyewe, ikiachwa huchoma pistoni.

Wapo wanaokwepa ovahoo kwa kufunga injini ya mtumba kutoka Japani, na kwa gari la biashara huenda ndiyo njia ya haraka. Lakini namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Mnunuzi atakayekuta namba mbili tofauti, moja kwenye kadi na nyingine kwenye chuma, amtake muuzaji arekebishe kadi TRA kabla ya fedha kutolewa, kwa gharama ya muuzaji.