Simu Inayoita kwa Taa

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakasema pia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Ndugu msomaji, ukizitazama methali hizi kwa makini utaona kwamba katika mazungumzo yetu ya kila siku kutosikia tumekufanya kuwa ni ukaidi. Mtoto asiyetii tunasema hasikii. Mtu asiyepokea simu tunasema anaringa. Ni mara chache tunajiuliza kama sauti yenyewe imemfikia.

Mazungumzo yangu ya juma hili yanahusu simu, na yanaanzia Kasulu, kwenye kibanda cha fundi cherehani mmoja. Fundi huyu ni dada wa rika langu, miaka arobaini na kitu. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka minane, akapona, lakini masikio hayakurudi. Anasoma na kuandika vizuri. Pembeni mwa cherehani yake ametundika daftari kwa kamba, na mteja anayetaka kueleza mshono huandika humo.

Nilimpelekea koti langu abadilishe bitana. Nikaandika kwenye daftari: “Dada, umepotea. Mara mbili nimekuta kibanda kimefungwa.” Akajibu kwamba alikuwa Kibondo, msibani. Kisha akaandika mstari wa pili: “Sikuwahi kuzika.”

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyemlea, alifariki usiku huko Kibondo. Ndugu walimpigia simu mara kumi na saba. Simu ilikuwa juu ya meza, hatua mbili kutoka kitandani, ikaita mpaka ikanyamaza. Siku zote simu hiyo hupokelewa na binti yake, lakini shule zilikuwa zimefunguliwa na binti amekwenda bweni. Ndugu hawakukumbuka kuandika meseji. Alfajiri alipoamka na kuona orodha ya simu zilizopotea, yeye ndiye aliyeandika kuuliza kulikoni. Jibu lilimfikia saa nne asubuhi. Ni familia ya Kiislamu, maziko hayakungoja. Alipofika Kibondo kwa basi alikuta kaburi limekwisha kufukiwa. Shangazi mmoja akamwonyesha simu yake mwenyewe, kisha akatandaza viganja viwili hewani. Maana yake haikuhitaji mkalimani: simu unayo ya nini?

Niliondoka na swali hilo. Jibu lake lilikuwa mahali ambapo mimi hukaa kila siku ya kazi, yaani ndani ya studio.

Simu ya studio ya redio hailii. Maikrofoni ikiwa wazi, kengele ingesikika mpaka nyumbani kwako. Kwa hiyo mafundi huinyamazisha kengele na kuweka taa ndogo, ambayo huwaka na kuzima pale mtu anapopiga. Mtangazaji anaiona kwa pembe ya jicho huku akiendelea kusoma. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeitwa na taa, mimi mwenye masikio mawili mazima, na haikunijia hata siku moja kwamba kuna watu ambao kwao taa ile ingekuwa kengele pekee.

Historia ya simu ina kinaya chake. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, mama yake alikuwa na uziwi, na mwanamke aliyemwoa mwaka uliofuata, Mabel Hubbard, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Chombo kilichomletea sifa duniani ndicho ambacho watu wa nyumbani mwake hawakuweza kukitumia. Ilipita miaka themanini na zaidi kabla ya viziwi kupata njia yao. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa Marekani ambaye naye alikuwa kiziwi, alibuni kifaa cha kuunganisha mashine za kuchapa maandishi na waya wa simu ya kawaida. Wakaweza kuandikiana. Na ili wajue kwamba simu inaita, waliiunganisha na taa ya chumbani.

Taa hiyo leo imo mfukoni mwetu. Simu karibu zote za kupangusa zina taa ndogo nyuma, karibu na kamera, ile tunayoitumia kama tochi umeme ukikatika. Simu inaweza kuamriwa iiwashe na kuizima taa hiyo kila inapopigiwa au inapopokea ujumbe. Simu za iPhone zimekuwa na uwezo huo tangu mwaka 2011. Samsung nazo zimekuwa nao kwa miaka mingi, na mwaka 2023 toleo la 14 la Android liliuweka ndani ya mfumo wenyewe.

Kuuwasha ni hivi. Fungua mipangilio ya simu, utafute sehemu ya watu wenye mahitaji maalumu. Kwa simu iliyo katika lugha ya Kiingereza, sehemu hiyo huitwa “Accessibility”. Ndani yake tafuta arifa za mwanga. Katika iPhone zimo chini ya kifungu cha sauti na picha. Samsung huziweka ndani zaidi, kwenye mipangilio ya ziada ya sehemu hiyo hiyo. Katika baadhi ya simu za bei nafuu utaikuta ndani ya programu ya kupigia, kwenye mipangilio ya simu zinazoingia, na hapo mara nyingi taa huwaka kwa simu tu, si kwa meseji. Ukipotea kabisa, nenda kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa mipangilio, uandike neno “flash”, simu ikupeleke yenyewe. Android mpya hukupa pia chaguo la pili: kioo chote kiwake kwa rangi utakayochagua. Na taa hiyo huwaka hata kengele ya kuamka inapofika saa yake.

Kuna mambo madogo ambayo usipoyajua utasema kifaa hakifanyi kazi. Taa iko mgongoni mwa simu, kwa hiyo ukitegemea taa ya kamera, simu ilazwe kifudifudi. Ukiilaza chali, taa inamulika meza. Kava lisizibe taa. Ndani ya mkoba taa haina faida, hapo tegemea mtetemo. Tena zima arifa za makundi ya mtandaoni. Taa inayowaka kila dakika kwa salamu za kundi la harusi, mwenyewe ataizoea na kuacha kuigeukia, na siku ya jambo zito hatageuka.

Tahadhari moja ya afya. Wapo watu wachache wenye kifafa ambao mwanga wa kuwaka na kuzima huweza kuwaanzishia degedege. Kama nyumbani yupo mtu wa namna hiyo, muulizeni daktari kwanza, na mtetemo utumike badala ya taa.

Niliporudi kuchukua koti nilimweleza fundi habari hizi kwenye daftari, naye akanipa simu yake. Kazi yote haikufika dakika tano. Tukafunga dirisha, tukaiweka simu kifudifudi kwenye rafu juu ya majora ya vitenge, nami nikatoka nje kumpigia. Nilichungulia mlangoni. Mabati ya paa yalikuwa yakiwaka na kuzima kama radi za mwezi wa Novemba. Daftari lilikuwa mbali naye, akachukua chaki yake ya kukatia nguo akaandika juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani: “Piga tena.” Nikapiga tena. Nilipiga mara nne.

Usiku huo aliilaza simu kwenye kiti karibu na kitanda, taa ikielekea chandarua. Aliniambia baadaye kwamba chandarua cheupe hushika mwanga, chumba kizima kinang'aa, na kwamba huamka hata kwa simu moja.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusidanganyane. Taa inaita tu. Haizungumzi. Kama usiku ule wa msiba taa ingekuwepo, dada huyu angeamka, angeitazama simu, na angepokea sauti asiyoisikia. Nusu ya pili ya kazi ni yetu sisi tunaopiga. Katika familia yake sasa wamepatana hivi: unapiga ili taa iwake, unakata, kisha unaandika meseji. Kwa jambo zito unapiga mara tatu mfululizo. Kwa viziwi wanaotumia Lugha ya Alama, simu ya video ni bora zaidi, maana mikono huongea yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu si kila kiziwi anaweza kusoma. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na kwa miaka mingi mtoto wa Uha aliyetaka elimu hiyo alikuwa na safari ndefu ya treni mbele yake. Leo Kasulu yenyewe ina shule ya Kabanga inayopokea watoto wenye mahitaji maalumu. Lakini wapo wazee kwa vijana waliobaki nyumbani bila alama wala herufi, na hao simu peke yake haitawafikia. Mtu wa kwenda kugonga bega bado anahitajika.

Na ofisi zetu je? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kupata habari. Lakini angalia fomu tunazojaza hospitali, benki na shuleni. Zina nafasi ya namba ya simu. Hazina nafasi ya kuandika: huyu aandikiwe, asipigiwe. Kazi ya kuongeza mstari mmoja kwenye fomu haihitaji mfadhili wala semina. Mwalimu anayempigia mzazi kiziwi mara tatu kisha akaandika kwamba mzazi hatoi ushirikiano, amefanya kile kile alichofanya shangazi wa Kibondo.

Maneno haya niliyasoma kwanza redioni. Waliosikia ni wenye masikio, nao ndio wapigaji, kwa hiyo sijutii. Lakini dada yangu wa Kasulu hakuyasikia, ndiyo maana nimefurahi yamepata nafasi gazetini. Kama jirani yako ni kiziwi, mpe ukurasa huu ukishamaliza kuusoma. Kama hajui kusoma, chukua simu yake, mtengenezee taa, kisha toka nje umpigie.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.